Nguo za Ndani Nazo Zinataka Jua

Izia, Sumbawanga. Jumatano, Februari.

Baada ya siku nne za mvua, leo jua limetoka na baridi ya Ufipa imelegea kidogo. Mimi sijalegea. Nina hasira tangu Alhamisi iliyopita, na kwa kuwa mwanangu ndiye aliyenifungulia ukurasa huu ili niandike kumbukumbu zangu, basi naandika. Akisoma, na asome.

Nawashwa sehemu za siri tangu Desemba.

Sentensi hiyo nimeifuta mara mbili. Nina miaka sabini na moja. Nilizaliwa Mwazye, nikaondoka kijana kwenda mashamba ya mkonge Tanga, nikawa karani, nikaoa, nikamzika mke wangu, na baada ya miaka arobaini na minne mwanangu akanirudisha nyumbani. Nasema nyumbani, ingawa Mwazye sina hata mlango wa kubisha hodi, na hapa Izia ni kwa mwanangu na mkewe. Mtu wa namna hiyo hujichunga sana asiwe kero.

Ndiyo maana nguo zangu za ndani nilizifua mwenyewe chumbani na kuzianika kwenye chuma cha kitanda, chini ya shuka. Mkamwana hapaswi kuona chupi ya baba mkwe ikipepea uani. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Tanga marehemu mke wangu alianika, jua likamaliza kazi kabla ya adhuhuri. Huku, miezi ya mvua, nguo iliyofichwa chini ya shuka haikauki hata siku tatu. Nilizivaa hivyo hivyo, zina unyevu.

Ulianza upele mdogo kwenye mkunjo wa paja, ukatanuka kama duara, ukingo umeinuka, katikati pamepauka.

Karibu na Krismasi nikaenda duka la dawa, kwa mtu mzima mwenye koti jeupe. Nilimweleza kwa sauti ya chini. Hakuuliza kitu. Alinipa tyubu ya krimu. Siku ya tatu mwasho ukakata, nikamwombea heri. Mwisho wa Januari duara lilikuwa limefika makalioni, na ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi iliyolowa.

Nikarudi. Safari hii alizungumza, tena mbele ya kinamama wawili waliokuwa wakisubiri.

"Aa, mzee, kumbe bado umo. Hii ni ya kuokota. Umelala kwa nani?"

Mama mmoja akachekea kwenye kitenge chake. Mke wangu ana mwaka wa tisa kaburini, na tangu hapo sijamjua mwanamke. Nilipokea vidonge vya magonjwa ya zinaa kama mtu aliyefumaniwa kweli, nikavimeza, vikanivuruga tumbo, mwasho ukabaki pale pale.

Katika mji huu maneno hayahitaji nauli. Nikaanza kuona mkamwana wangu hanitazami usoni, au nilidhani. Nikapanga begi. Niende Mwazye, kwa nani sijui, ili mwanangu asiaibike. Kilichonipeleka zahanati Alhamisi ni kwamba kwa mwasho ule nisingeweza kukaa kwenye kiti cha basi.

Tabibu alikuwa binti wa umri wa wajukuu zangu. Aliniamkia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Babu, vua viatu."

Nikamwambia nawashwa huku, sio huko.

"Najua, babu. Vua tu."

Katikati ya vidole palikuwa peupe, pamechanika. Nimeshinda ndani ya mabuti ya mpira tangu mvua zianze. Fangasi ni huyo huyo, akasema. Ukivaa chupi, miguu inaipaka njiani. Akatazama na kule kwenyewe, bila kukunja uso. Kisha akasoma maandishi ya ile tyubu niliyokuja nayo, akaiweka mezani.

"Hii inanyamazisha mwasho, babu, lakini fangasi anaachwa anenepe."

Akauliza kama nina kidonda, usaha au maumivu nikikojoa, kwani hapo angenipima magonjwa ya zinaa. Akauliza kama wengine nyumbani wanawashwa, kwani upele wa wadudu huenea nyumba nzima. Akapima sukari, maana ikipanda fangasi hukaidi. Hayo yote sikuwa nayo, na sukari ilikuwa sawa. Ilikuwa kazi ya dakika chache, na yule wa koti jeupe hakuuliza hata moja ya hayo.

Nikapewa krimu ya fangasi isiyochanganywa na dawa ya kunyamazisha mwasho, pajani na vidoleni, mara mbili kwa siku, na nisiache siku ngozi ikionekana imepona. Niongeze wiki mbili. Taulo iwe yangu peke yangu. Soksi nivae kabla ya chupi. Na nguo za ndani zianikwe juani.

Sidanganyi kwamba zamani ilikuwa neema. Nakumbuka miaka ya rafu tupu, ukiandikiwa dawa unarudi nyumbani na karatasi. Milango ya biashara ilipofunguliwa nilishangilia. Lakini tumejaza rafu, kichwa cha muuzaji tukakiacha kama rafu za zamani. Krimu ile ile anawauzia wasichana wanaotaka weupe.

Sehemu ya hasira hii ni yangu mwenyewe. Aibu ndiyo iliyonivika nguo mbichi, na aibu ndiyo iliyonipangia begi.

Leo asubuhi nimetoka uani na chupi tatu mkononi. Mkamwana alikuwa anachambua maharage. Nikazianika kwenye kamba ya nyuma, nimempa mgongo, masikio yananichoma.

"Baba," akasema, macho yake kwenye ungo, "hapo jua linawahi kuondoka. Kamba ya mbele ndiyo inakausha."

Kamba ya mbele inaonekana kutoka barabarani. Na barabara hiyo ndiyo anayopita yule wa koti jeupe akienda dukani.

Nimezihamisha. Saa saba zilikuwa zimekauka, zina joto mkononi. Begi nimelifungua, nguo nimezirudisha kabatini.

Kesho jua likitoka, nitaanika na soksi.