Nimempaka Wamono Chachu

Mbale, Jumamosi, Agosti 1998

Nimempaka. Uso mzima, kwa chachu ya pombe kama mila yetu ya jando inavyotaka, na mkono huu haukutikisika. Mimi ndiye mjomba wake, na kwetu kutetemeka siku ya kutahiriwa ni aibu ya ukoo.

Lakini karibu niharibu. Asubuhi niliegemea spika kubwa ya muziki, nikifurahia lingala, bakuli la chachu mkononi. Mara mkono ukaanza kutetemeka, chachu ikamwagika, wazee wakatazamana. Nikadhani waya nilizotiwa kichwani kuuzuia ugonjwa wangu wa kutetemeka zimekatika, na daktari aliyezitia yuko Ulaya.

Mke wangu, anayeniita afande tangu enzi zangu za jeshi, akanivuta kando. "Afande, spika ina sumaku. Umejizima mwenyewe."

Akatoa kwenye mkoba sumaku tuliyopewa hospitalini, akaipitisha juu ya kimashine kinachozipa waya umeme, kilicho chini ya ngozi ya kifua changu. Umeme ukarudi kichwani, mkono ukatulia. Nikaomba chachu nyingine.

Betri ikiisha sijui nitafanya nini. Kule Jinja tunakoishi hakuna wa kuibadilisha. Hilo nitaliwaza Jumatatu.

Jioni Wamono, bado amelala na kidonda chake, ameniambia hakukitazama kisu hata kidogo. Alikuwa anautazama mkono wangu.