Gavana ya Moyo

Jumatatu, 4 Machi

Vidonge vya dada vimebadilika rangi! Wiki iliyopita vyeupe, leo vya pinki. Pinki! Kama peremende za mtoto. Nimeviona mezani kwa macho yangu, na macho haya hayajawahi kunidanganya. Ni haya haya yaliyoona ufa kwenye injini ya meli nikiwa nimesimama nchi kavu, nahodha akabaki mdomo wazi.

Nimemuuliza mkwe. Mpwa wangu alipokwenda kazi ya mbali alimwachia mkewe funguo zote: za kabati, za jiko, na sasa naona hata za mwili wa mama yake. Mkwe hakushtuka. Eti hospitali wameishiwa na zile nyeupe, wakampa za kiwanda kingine. "Jina la juu tu ndilo limebadilika, Mjomba. Dawa ni ileile." Anasema huku anakunja nguo, hanitazami usoni. Mkweli hukutazama.

Tena zile nyeupe kazitupa kwenye pipa la taka. Nzima! Pakiti na nusu! Nimemuuliza kwa nini. Eti mama asije akachanganya.

Nani hutupa dawa nzima? Nimeziokota. Boksi lilikuwa limelowa maji ya maganda, nimelitupa, vidonge nimevihifadhi na pakiti zake kwenye kopo langu la gololi za bearingi. Mtu mzima hatupi ushahidi.

Jumatano, 6 Machi

Dada ana presha na moyo wa mbio. Kabla ya dawa ulikuwa ukienda kama cherehani yake siku za kushona sare za shule — trrrrr! Zile nyeupe ziliutuliza. Mwaka mzima hakuwa na neno. Leo nimemkuta kakaa kitandani, kaduwaa. Nikamuuliza vipi. Akasema hana kitu, usingizi tu haukutosha.

Usingizi! Na mkwe yuko chumba cha mbele anapima. Ndiyo, anapima! Kachukua futi ya cherehani ya dada na anapima ukuta, dirisha hadi mlango. Chumba cha cherehani kile. Nimejifanya natafuta koleo. Hakusema anapima nini, na mimi sikuuliza. Fundi hasemi na injini, anaisikiliza.

Nimepita kwa kinyozi. Kinyozi anasema dawa ikibadilishwa rangi kuna jambo, siku hizi wanasaga chokaa wanatia rangi. Wateja wakaanza utani wao: Fundi Pistoni, wewe unaogopa kidonge na uliumwa na swila? Nikawaambia ndiyo, niliumwa, na aliyelazwa ni swila. Wakacheka. Lakini hakuna aliyenibishia kuhusu vidonge.

Nimeamua. Mkwe akishampa cha pinki asubuhi na kwenda sokoni, mimi nampa cheupe. Dawa halisi ikapambane na bandia humo humo ndani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeanza. Dada alicheka. "Wewe na mke wa mwanangu mnanilisha kama kuku wa mashindano." Lakini kameza. Dada hanikatalii. Tangu mama yetu afariki ni yeye aliyenilea. Alinishonea suruali ya kwanza kutoka kwenye pazia.

Nimemwapisha. Asimwambie mkwe, asimwambie mtu. Akasema, haya, mdogo wangu, siri yako ni siri yangu. Na dada akisema neno, limesemwa.

Ijumaa, 8 Machi

Kizunguzungu! Dada kainuka kwenda chooni akashika ukuta. Mikono yake baridi kama spana ya asubuhi. Hiyo pinki ina nguvu mbaya. Bora nilianza mapema, la sivyo sasa hivi tungekuwa tunasema mengine.

Nimempigia mpwa simu. Nimemwambia kwa upole tu: fungua macho, baba, mama yako anazorota tangu mkeo abadilishe dawa, na chumba cha mbele kinapimwa. Kisha akauliza, Mjomba, una hakika? Nikamwambia mimi nimewahi kukosea lini?

Mkwe leo ana macho mekundu. Wameongea, naona.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefanya utafiti. Utafiti hasa, si maneno ya saluni. Nimechukua kidonge kimoja cha pinki, nimekimeza mwenyewe. Bila chai, bila mkate, ili kisipate pa kujificha.

Mwanzo kimya. Nikaenda kwenye pampu ya mteja. Nimeinama, nimelegeza nati, kila kitu sawa. Nainuka — dunia ikazunguka! Nikakaa kwenye grisi, puu, mimi! Mtu niliyebeba gearboksi ya lori begani kupanda kilima huku naimba! Nikajishika kifundo cha mkono. Moyo unakwenda polepole, tu ... tu ... tu, kama dizeli iliyonyimwa mafuta. Mwenye pampu akanipepea kwa kofia yangu mwenyewe. Aibu hii nimeificha kwa kumwambia nilikuwa nasikiliza bearingi kwa chini.

Basi. Sumu. Sasa sisemi kwa kudhani.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda duka la dawa la kona. Mfamasia ni binti mdogo, miwani mikubwa. Nilianza kwa akili: kuna mtu mmoja namfahamu, kameza kidonge kama hiki, kaanguka. Akakiangalia, akaniangalia. "Huyo mtu ana kofia ya bluu kama yako, Mzee?"

Watoto wa siku hizi hawana adabu. Nikasema tuseme anayo.

Akauliza alikuwa anaumwa nini. Nikasema haumwi kitu, chuma kabisa, alikimeza bila chai akaingia kazini juani. Akashika kichwa. "Sasa Mzee, dawa ya kupunguza mbio za moyo, moyo wako haukimbii, na tumbo tupu juani! Ulitaka ifanye nini? Dawa haina macho. Haijui imemezwa na nani."

Kisha akanieleza, na nakiri alieleza vizuri. Kidonge kinayeyuka tumboni, kinapenya ukuta wa utumbo, kinaingia kwenye damu. Damu inakipitisha kwenye ini, huko kinapunguzwa makali. Kinachobaki kinasambaa mwili mzima, kichwani mpaka kwenye vidole. Haiendi moja kwa moja kwenye moyo kama watu wanavyodhani! Inakwenda kote, ila inafanya kazi pale inapokuta tundu linaloienea. Moyo una matundu kama ya kufuli. Ukishtuka, mwili unatoa ufunguo, ufunguo unaingia, moyo unaanza mbio. Dawa hii inakaa kwenye tundu. Ufunguo ukija unakuta pamezibwa.

Nikamwambia, binti, hiyo ni gavana! Pampu ikitaka kukimbia kupita kiasi, gavana inaizuia. Akasema ndiyo hasa, gavana ya moyo. Akafurahi. Nikaona kabisa kwamba kesho atawafundisha wenzake kwa mfano wangu.

Nikauliza inatokaje. Ini linavunja, figo zinachuja, kila siku kiasi fulani kinatoka. Kwa hiyo unachomeza kinapimwa kilingane na kinachotoka. Ukizidisha, inajaa. Tanki na bomba! Hilo nalo nililijua, sema sikuwa nimeambiwa.

Akaniuliza habari za dada. Nikamwambia kizunguzungu, mikono baridi, usingizi. Akaacha kucheka. Akasema mama aletwe apimwe mapigo, leo au kesho. Halafu akauliza kama kuna dawa nyingine anayokunywa, hata ya miti, hata ya kuazima.

Nikasema hakuna.

Sikudanganya. Ile nyeupe si dawa nyingine. Ndiyo ileile aliyokuwa anakunywa siku zote.

Akataka nisome maandishi madogo kwenye pakiti ya mkwe. Eti majina makubwa ni ya kiwanda, hayo yasikusumbue, jina la dawa yenyewe ni lile dogo la chini. Wachapaji wa siku hizi wana uchoyo wa wino. Nimesema nitasoma.

Sijasema habari ya kupima mapigo. Mkwe akisikia kuna vipimo atafuta nyayo zake.

Jumanne, 12 Machi

Dada hakula mchana. Anaongea polepole, maneno yanatoka kama maji ya bomba asubuhi. Kaniita kwa jina la utotoni. Hajaniita hivyo miaka mingi.

Mkwe anasema twende hospitali. Nimemwambia nani kakuteua daktari. Akasema, "Mjomba, nakuheshimu, lakini mama huyu ananifia mikononi." Machozi. Machozi ni maji tu, nimeona watu wakilia kwa injini walizoziua wenyewe.

Kesho nitampa vyeupe viwili. Pinki imemlemea, lazima halisi iongezwe.

Jumatano, 13 Machi

Nimempa viwili. Kameza. Hakutania habari za kuku.

Alhamisi, 14 Machi

Benchi la hospitali. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko mfukoni, na kopo limo.

Nianze mwanzo. Asubuhi mkwe kampa dada cha pinki, kaenda sokoni. Nami nikampa viwili vyangu. Haikupita muda, dada akasimama, anataka kwenda kukaa kwenye cherehani yake. Akafika mlangoni. Hakupiga kelele. Alishuka tu kama nguo inayodondoka kwenye msumari. Mimi nikamwita, nikamwita! Mkwe karudi akatukuta sakafuni. Ndiye aliyepata akili ya kuita gari. Mimi nilikuwa natafuta kofia. Nilikuwa nimeivaa.

Njiani mkwe kakishika kichwa cha dada pajani. Akawa anamwambia, mama, vumilia, Jumamosi nahamishia kitanda chako chumba cha mbele, nimeshapima, kinaenea pembeni ya cherehani, hutapanda ngazi tena kwenda chooni.

Kumbe alikuwa anapima kitanda. Kinaenea.

Nilitazama dirishani.

Hapa wamembandika nyaya kifuani. Kioo kinaonyesha namba ndogo. Ndogo mno. Hata mimi nisiye daktari najua injini ikigeuka taratibu hivyo iko karibu kuzima. Daktari kamuuliza mkwe dada anakunywa dawa gani. Mkwe katoa pakiti ya pinki kwenye pochi. Daktari kaigeuza, kasoma maandishi madogo, kakunja uso. Kasema kipimo hiki ni kidogo, kikinywewa sawasawa hakiwezi kuushusha moyo hivi. Kamuuliza: umempa zaidi ya kimoja? Mkwe kaapa. Kauliza tena, sauti ile ya askari. Mkwe kaapa tena, mpaka kapiga goti.

Na simu yake ikaita. Mpwa. Sauti ilisikika mpaka kwenye benchi: umemfanya nini mama yangu?

Maneno hayo si yake. Ni yangu. Nilimpa mimi Ijumaa.

Daktari akasema wakati mwingine watu wanakuwa na dawa moja kwa majina mawili, wanameza zote bila kujua. Akatutazama sote. Nyumbani hakuna pakiti ya zamani? Mkwe akasema niliitupa, Mjomba aliniona naitupa.

Daktari akanigeukia. Nikatikisa kichwa kukataa. Kichwa kilitikisika chenyewe.

Nikaenda chooni. Nikafungua kopo, nikatoa pakiti nyeupe, nikaisogeza mbali mpaka mkono ukagonga mlango. Jina kubwa tofauti. Jina dogo chini, refu kama treni ya mizigo, linaishia na lol. Nikarudi, pakiti ya pinki iko mezani kwa nesi. Nikainama kama nafunga kiatu. Lol. Treni ileile, mabehewa yaleyale.

Nimekuwa fundi miaka yote hii. Gavana moja inatuliza. Ukifunga mbili kwenye injini moja, ya pili haipambani na ya kwanza. Zinasaidiana. Na jana nilifunga tatu. Na leo tatu juu ya hizo, na bomba la kutolea halikuwahi kuzimaliza —

Dada kafumbua macho. Wametuita ndani. Daktari kamwinamia, kamuuliza kwa upole: mama, kuna dawa nyingine yoyote umekunywa? Ya mtu yeyote?

Dada akaangaza macho chumbani polepole. Akamwona mkwe, akapita. Akaniona mimi. Macho yakasimama hapo.

"Hapana, daktari," akasema.

Nilimwapisha mwenyewe. Na dada akisema neno, limesemwa.

Daktari katoka anaandika. Anamwambia nesi kama hakuna dawa iliyozidi basi ni moyo wenyewe umechoka, watautibu kama moyo uliochoka. Haujachoka! Moyo wa dada haujachoka, umefungwa breki tu! Mkwe kakaa mwisho wa benchi hili, kaniachia nafasi kubwa kati yetu kama ningekuja na mgeni. Simu yake iko miguuni, bado inaita, haipokei.

Nimesimama.

Nimekaa tena.

Kopo limepata joto mkononi. Gololi moja imo bado, inagonga kila nikisogea, na mkwe kageuka anaangalia mfuko wangu. "Mjomba," anasema, "nini hicho kinacholia?"

Viatu vya daktari hivyo, vinarudi —