Shuka Sita na Mtihani wa Jumamosi

Jumatatu, 11 Machi

Nimekosa tisa kati ya kumi! Wifi ananinoa kwa mtihani wa ukarani wa stoo — Jumamosi hii — na leo tumeingia maswali ya dhana zilizofichwa. Swali: mashine mpya inafua haraka kuliko ya zamani, kwa hiyo hospitali ikiinunua, wodi zitapata shuka mapema. Mwandishi amedhani nini bila kusema? Nikachagua "mashine mpya haitaharibika". Kosa, eti. Jibu: kinachochelewesha shuka ni kufuliwa. Miaka kumi na moja nafua shuka za hospitali! Zinachelewa kukauka, nani asiyejua? Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Si lazima dhana iwe kweli, akasema, ila bila hiyo hoja haisimami. Igeuze kinyume. Hoja ikianguka, umeipata.

Jumanne, 12 Machi

Shuka sita hazionekani. Msimamizi wetu wa chumba cha kufulia kaniita mbele ya wenzangu: zimepotea zamu yako, ufunguo wa stoo ulikuwa nao wewe, basi umezichukua wewe. Mbele ya wote! Lakini nikaiona dhana yake iliyofichwa — amedhani hakuna mwingine anayeweza kufungua. Geuza: yupo. Hoja chali! Na ufunguo wa akiba unaning'inia ofisini kwake mwenyewe, kwenye msumari juu ya kalenda. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema siku hizi najibizana na wakubwa, na fomu yangu ya mtihani, ile inayosubiri saini yake, itabaki mezani mpaka shuka zionekane.

Sijaiba hata kibanio!

Alhamisi, 14 Machi

Zimeonekana. Wodi ya wazazi ilizidiwa Jumatatu, muuguzi akachukua ufunguo pale msumarini, akabeba shuka, akaandika kwenye daftari lao. Lao! Kuja kutuambia hakuona haja. Msimamizi: "Basi, yameisha." Yameisha kwake. Samahani hakuna. Na mimi tangu juzi nilishamhukumu moyoni dereva wa gari la nguo, kisa anapenda kusimama karibu na stoo. Leo nimeshindwa kumtazama usoni.

Fomu, kasema njoo kesho.

Ijumaa, 15 Machi

Majina ya watahiniwa msimamizi aliyapeleka Jumatano. Langu hakulitia. "Nilijua utakuwa umeshakata tamaa," ananiambia, anakoroga chai. Alijua! Aliniuliza lini? Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kupiga pasi. Wifi anasema niende hivyo hivyo, wanifukuze kwa mdomo wao.

Jumamosi, 16 Machi

Saa mbili kasorobo. Naandika kwenye benchi, nje ya ukumbi wa mtihani. Dada mwenye orodha mlangoni kapitisha kidole mara mbili. "Jina halipo, mama. Kwa hiyo hukuomba."

Kwa hiyo!

Nikamwambia: umedhani kila aliyeomba ameandikwa. Mimi niliomba. Fomu yangu ilikaliwa mezani kwa mtu. Akaniangalia. Akaangalia orodha. Nisubiri, akasema, na akaingia kumwuliza mkubwa wake.

Ndani wameanza kugawa karatasi. Mlango ameuacha wazi. Meza ya mwisho, upande wa dirishani, haina mtu — sitaki kudhani chochote.