Chumba cha Nne Kwenye Ramani ya Baba

Jumapili, mwezi wa saba. Makambako. Upepo tangu alfajiri, na jua la kudanganya watu.

Sikwenda kanisani leo. Nimejifunga blanketi kiunoni, nimevaa sweta mbili, chai ya rangi iko ubavuni na kompyuta mapajani. Wapangaji wenzangu wametoka na watoto wao, nyumba nzima kimya. Sauti pekee inayonifikia ni bati la jirani lililolegea, linapigwa na upepo. Ningekuwa na mtu humu ndani ningemwambia, "Bati lile litang'oka." Sina, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Tatizo langu tangu jana ni paa.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nina fremu ndogo karibu na stendi. Watu hunijia na kiwanja chao na makelele yao, mke anataka jiko la ndani, mume anataka sebule ya kutisha wageni, nami nawapatanisha kwenye kioo cha kompyuta. Nimewachorea watu wengi sana wa mji huu mahali pa kulala. Safari hii nachora ya kwetu Njombe, nyumba mpya ya baba. Ile ya zamani mvua za mwaka huu zimeipasua ufa unaopitisha mkono, na fundi ameshasema anachimba msingi Jumanne.

Paa nimelitaka liwe la mgongo wa tembo, la kawaida kabisa, lisilo na mbwembwe. Lakini kila nikiiambia programu iezeke, paa linakuja limepinda. Upande wa nyuma linachomoza, linatoka nje ya nyumba na kwenda kufunika uwanja mtupu. Nimefuta nikaezeka upya. Nimezima kompyuta nikaiwasha. Nimepandisha kuta, nimeshusha kuta. Nimeitukana, Mungu anisamehe, na ni Jumapili. Linarudi vilevile.

Jana nilichoka, nikaituma hivyohivyo kwenye kundi la familia, nikaandika kwamba paa bado nalirekebisha, watazame vyumba tu. Baba simu yake ni kitochi, haipokei picha, kwa hiyo yeye nilimchapia karatasi nikampa kondakta wa gari la Njombe.

Vyumba tulishakubaliana. Vitatu. Kimoja cha baba, kimoja cha kaka Erasto anayekuja Krismasi na familia yake kutoka Dodoma, kimoja cha mdogo wetu Lusungu aliyeko Mafinga. Walipanga wao wawili, mimi nikaandika wanachosema, kama ninavyofanya kwa mteja yeyote. Hakuna aliyesema mimi nitalala wapi. Wala mimi sikuuliza. Nikienda nyumbani huwa nalala sebuleni kwenye godoro, nalikunja kabla watu hawajaamka, na huwa nawaambia napenda sebuleni kwa sababu kuna joto.

Si kweli. Sebule ya Njombe mwezi wa saba haina joto lolote.

Sasa asubuhi hii nimefungua simu nikakuta ujumbe wa Erasto: "Edina, mbona pembeni imeandikwa Chumba 4? Tulikubaliana vitatu. Hicho ni cha nani?" Chini yake Lusungu ameweka vikatuni vya kucheka na maneno, "Dada kajipendelea." Kisha Erasto tena: "Wewe si utaolewa bwana. Nyumba yako iko huko mbele."

Nimeshavuka arobaini. Huko mbele wapi?

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikujiwekea chumba. Nimesutwa kwa kitu ambacho hata kukiota sijakiota. Nikaandika jibu refu, nikalifuta. Nikaandika fupi, nalo nikalifuta. Mwisho nikasema ngoja kwanza niangalie wanachokiona wao.

Kweli kilikuwepo. Pembeni mwa ramani programu huorodhesha yenyewe kila chumba ilichokiona: sebule, jiko, stoo, choo, kisha Chumba 1, Chumba 2, Chumba 3. Na chini kabisa, Chumba 4. Nikabonyeza pale ili inionyeshe kiko wapi. Ikanipeleka nyuma ya nyumba, uwanjani, ikapaka rangi ya njano kisanduku kidogo kilichoko chini ya lile paa lililochomoza.

Ni kaburi la mama.

Huku kwetu, kabla hujanyoosha kamba ya kupimia, unauliza waliolala wako wapi. Watu wengi huzika nyumbani, nyuma ya nyumba au ukingoni mwa shamba, na msingi lazima uwapishe. Kila mteja namuuliza hilo kwanza. Shida ni kwamba programu haina alama ya kaburi. Walioitengeneza wameweka bwawa la kuogelea, wameweka minazi, wameweka hadi jiko la kuchomea nyama uwanjani, lakini huenda kwao hakuna anayelala karibu na nyumba. Kwa wateja huwa naweka bustani ya maua, naandika maneno pembeni, fundi anaelewa.

Kwa mama nilishindwa. Sikuweza kumfunika kwa maua ya kubandika, yale yale ninayowabandikia watu baki. Kaburi lake tulilijengea kwa tofali na saruji, basi na mimi nikalijenga hivyo hivyo, kwa kuta. Kuta nne fupi, zimefungana, mahali palepale alipo. Na programu ikiona kuta nne zimefungana inajua jambo moja tu, kwamba hicho ni chumba. Ikakipa jina linalofuata. Ikakinyooshea na paa, ili aliyemo asinyeshewe.

Nililia, siwezi kukuficha. Nililia nikiwa na sweta zangu mbili, na chai ikapoa.

Nilipofikiri nimemaliza, simu ikaita. Baba, ametoka ibadani.

"Kamwene, mwanangu," akaanza kwa salamu ya kwetu, kama kawaida yake, akauliza baridi, akauliza kifua changu. Kisha akasema karatasi imefika. Amevaa miwani akaitazama vizuri. Baba hajazoea ramani, kwake mistari yote ni kuta za nyumba. Akasema, "Nimefurahi umejiwekea chumba. Vile vitatu nilivisikia, nikanyamaza. Nilikuwa nangoja uone mwenyewe."

Nikavuta blanketi hadi mabegani.

"Lakini ni kidogo mno, Edina. Humo kitanda hakienei. Na mbona umekitenga kule nyuma peke yake kama banda la mbuzi? Kisogeze kiungane na vyumba vingine. Uingie ndani, mwanangu."

Nilitaka kumwambia, baba, hicho si changu, ni cha mama. Maneno yalifika mdomoni kabisa. Nikamfikiria ameketi peke yake na ile karatasi magotini, amefurahi, nikasema tu, "Haya, baba." Akauliza kama nina mafua. Nikamwambia ni upepo wa Makambako.

Miaka yote hii nilidhani ninaonekana mtu wa kulala popote. Kumbe kuna mtu alikuwa ananiona ninavyokunja godoro.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Nilizifuta zile kuta nne, taratibu, mmoja mmoja, ingawa zingefutika zote kwa mkupuo. Mahali pake nikachora mistari mitupu ambayo programu haiihesabu kuwa nyumba, nikaandika katikati MAMA. Paa likarudi lilikotoka papo hapo, likatulia, kana kwamba halijanisumbua tangu jana.

Kisha nikatazama nyuma ya jiko. Pale nilikuwa nimeacha kibaraza ambacho hakuna aliyekiomba. Nikavuta ukuta, nikafunga. Kitakuwa chumba kinachopakana na jiko, na jiko la baba halizimi moto mpaka watu walale, kwa hiyo ukuta utakuwa na joto la kweli, si lile langu la kusingizia. Dirisha nimeliweka upande wa mama. Paa limeongezeka kona moja, na kona ndizo zinazovuja, fundi atanuna. Acha anune.

Programu ikauliza jina la chumba. Yenyewe ilishaandika Chumba 4. Nikafuta, nikaandika Edina.

Ndipo nikakumbuka kitanda. Mkono ukaenda kwa mazoea kwenye kile kidogo cha mtu mmoja, nikakivuta, nikakiweka ukutani. Nikakitazama. Nikakiondoa, nikaleta kikubwa.

Ndugu zangu bado sijawajibu. Nitawatumia ramani mpya kesho kabla sijafungua fremu, bila maelezo na bila kuomba radhi. Mtu akiuliza chumba cha nne ni cha nani, asome. Jumanne nitapanda gari la kwanza niwepo fundi anapochomeka vigingi vyake, maana kamba ikishanyooshwa kimya kimya bila chumba changu, hakuna tena wa kumuuliza.

Bati la jirani bado linapiga. Nyumba bado kimya, na mimi bado niko peke yangu humu na blanketi langu.

Kitanda kimeenea, baba. Nimeupima na mlango. Unafunguka wote.