Kinyozi Anajifunza Kusuka

Jumatatu, 3 Machi

Nimenyoa vichwa leo mpaka kiwiko kinalalamika. Mji huu wa watu una vituko! Kijana kataka upande mmoja upara, upande wa pili msitu. Mwingine kafunga kishungi utosini na ndevu kazichana kama bwana harusi. Nje, mabinti wamevaa suruali zilizochanika magoti — na zinauzwa mpya! Mama yangu angezitia viraka kabla hujaketi.

Ila siku hizi macho yangu yako kwa watoto wa kike wanaokwenda shule. Nywele zimesukwa, mistari imenyooka, ncha zina shanga. Binti yangu anakuja wiki ijayo. Nilimwacha kwa bibi yake akisimama dede, baada ya mama yake kufariki, nikaja huku ughaibuni kutafuta riziki. Sasa ana miaka saba. Kwenye simu huniita baba pale tu bibi anapomsukuma. Na hapa nani atamsuka? Mimi kazi yangu kupunguza nywele!

Jumatano, 5 Machi

Nimejikaza kisabuni, nikaenda kwa msusi. Saluni yetu ni moja — wanaume huku, wanawake ng'ambo ya pazia. Nikamwambia nataka kujifunza. Kacheka mpaka chanuo likamponyoka. Kisha kasema haya, lete vidole. Mungu ambariki mama huyu! Hataki kitu, ila nimfagilie nywele jioni. Kunigombeza ndiyo usiseme: unasuka mtoto au unafunga mzigo?

Jumapili, 9 Machi

Sina kichwa cha kujifunzia. Nimenunua mopu ya nyuzi, ile ya kupigia deki, nimeiegemeza kitini, naisuka. Mstari wa kwanza umekwenda kombo. Wa tatu — aha! Jirani kachungulia dirishani, kaondoka bila kusalimia. Shauri yake.

Ijumaa, 14 Machi

Msusi kasema nimeiva! Kanipa chanuo na kopo la mafuta, zawadi ya mtoto. Nimepokea kwa mikono miwili. Si ndugu yangu, hata lugha yake naizungumza kwa kuchechemea. Kweli undugu ni kufaana.

Jumamosi, 15 Machi

Amefika! Mhudumu wa ndege kamleta kwa mkono. Macho ni ya mama yake, yale yale. Kanisalimu kwa adabu: shikamoo, anko.

Anko! Nimeitikia marahaba. Ningefanyaje?

Tulipofika chumbani kavua kofia. Kipara! Kinang'aa! Nikampigia mama mkwe. Kasema nimemnyoa asikusumbue, mwanangu, mwanamume utajulia wapi kusuka? Moyo mwema namna hii utaukasirikia vipi? Nimemwambia asante mama, na nimesema kwa dhati.

Lakini jioni, dukani, kaona wenzake wenye shanga. Kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi. Chakula kakigusagusa tu.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi maneno machache. Chai, mkate, asante anko. Nikamwambia niite baba. Katazama kikombe chake. Nimeumia, sifichi. Ila yuko hapa, namsikia akipuliza chai yake. Kwa hilo tu nashukuru.

Mchana — kaenda msalani, kakawia. Katoka anaburuta mopu! Nilisahau kuifumua. Kauliza nani kaisuka hii. Mimi. Ya nini sasa? Nikamweleza: nilikuwa najifunza, nilidhani utakuja na nywele. Kaitazama mopu. Kanitazama mimi. Kisha kacheka — kicheko kikamkalisha chini! Kasema mstari huu umelegea, bibi angekuchapa vidole.

Basi kaketi hapo hapo sakafuni, mgongo kauegemeza magotini kwangu, anafumua misuko yangu na kusuka upya. Mkali kuliko yule msusi! Kofia kaitupa kitandani. Naona vinywele vimeanza kuchomoza kisogoni, vifupi, laini. Nilikuwa nimefungua daftari niandike hasira zangu za asubuhi. Zimekwenda wapi, sijui.

Kaniambia bila kugeuka: "Baba, shika hapa. Usiachie."

Naandika kwa mkono mmoja, mistari inapanda na kushuka. Ule mwingine umeshika uzi —