Mbuzi wa Karatasi

Lodwar, 28 Desemba 2024

Mwanangu Akai,

Ejok? Mwili ukoje, na joto la Kakuma? Sisi wazima, ila goti langu, ambalo halijawahi kuwa na adabu.

Mwaka umekwisha, na mwalimu kama mimi hajazaliwa. Watoto wako wamemaliza vitabu vyote ulivyowaachia, mpaka chifu akaja kunipa mkono. Sawa, chifu alikuwa anatafuta punda wake. Na kitabu kimoja kililiwa na mbuzi kuanzia sura ya tano.

Lakini sikiliza. Tangu Apua avunjike mguu na shule ikawa mbali naye, mimi, mtu wa darasa la nne, nimewafundisha hapa nyumbani. Sasa anakimbia. Ejore, na miaka yake saba, ameandika jina lake hadi kwenye kibuyu changu. Apua hunisomea gazeti lililofungiwa sukari. Habari huwa imekatwa mwisho, basi kila mmoja anaenda kuuota. Asubuhi tunakuwa na miisho mitatu.

Darasa letu ni mchanga wa laga, huu mto mkavu, kabla haujapata moto. Mbuzi wakipita nawaambia watoto wafumbe macho, wasikilize kwato. Nani hajapita? Apua anasema, "Yule wa madoa, Babu. Amebaki nyuma ananyonyesha." Siku nyingine tunasinzia wote watatu, na mbuzi wanaendelea kupita ndani ya usingizi.

Uliandika kwamba Mwalimu Athieng wa shule ya huko atampima Apua tarehe sita, na akishindwa atawekwa darasa moja na mdogo wake. Hatashindwa. Kesho Kahin anawaleta kwa lori lake la unga.

Baba yako,
Lokorio


Kakuma, 8 Januari 2025

Baba,

Ejok. Hilo goti linaendeleaje? Watoto walifika salama, vumbi mpaka kwenye kope.

Apua ameshindwa. Alisoma vizuri, Mwalimu akafurahi. Kisha akafunguliwa ukurasa wenye picha ya mbuzi, akaulizwa wako wangapi. Akanyamaza. Akaulizwa tena, akatazama ukuta. Mwalimu akaandika sifuri, akampeleka gredi ya pili. Anakaa na Ejore, magoti yanagonga dawati. Nilimwuliza kama babu hakumfundisha hesabu. Akalia tu.

Nilikuamini, Baba. Mwaka mzima nilikuwa zamu huku kliniki nikijua wanasoma, kumbe wanalala mchangani.

Binti yako,
Akai


Lodwar, 17 Januari 2025

Mwanangu Akai,

Salamu zako zimefika, fupi na zenye miba. Nazistahili. Mimi mzima, ila sijacheka tangu Jumanne.

Usimsonge mtoto na maswali. Kosa ni langu. Wewe umekaa huko kliniki umesahau: mbuzi hatuwatamkii idadi. Ukisema wako kadhaa, umekionyesha kifo pa kuanzia. Tunawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao. Siku moja Apua alinyoosha kidole akaanza, moja, mbili. Nikakishika kile kidole, nikamwambia asirudie mpaka nimruhusu mimi. Halafu, mzee mjinga, nikasahau kumruhusu. Hesabu tulifanya kwa mawe, na kwa mawe anamshinda mwenye duka.

Kwa hiyo msomee haya, kwa sauti yangu ukiweza: Apua, hao ni mbuzi wa karatasi. Hawana maziwa, hata fisi hawawataki. Wahesabu wote. Nimekuruhusu mimi, babu yako.

Mwalimu naye mpe barua aione, hata akicheka mwandiko.

Baba yako,
Lokorio


Kakuma, 2 Februari 2025

Baba yangu,

Ejok sana. Unakula? Nisamehe kukawia, zamu zilinibana.

Nilimsomea Apua. Akauliza, "Kweli ni Babu?" Nikamwonyesha mistari yako inavyopanda kilima, akaamini.

Mwalimu Athieng alisoma mara mbili, akaziba mdomo. "Kumbe," akasema. "Kwetu Bor, bibi angenichapa kwa kuhesabu ng'ombe. Na mimi nimempa mtoto huyu sifuri."

Akafungua picha. Apua akahesabu polepole: kumi na mmoja. Kisha akaweka kidole kwenye karatasi. "Na huyu mdogo si wa huyu, Mwalimu. Ananyonya kwa mama wa mwenzake." Yuko gredi ya nne tangu Jumatatu.

Yale ya mchangani, Baba, nayafuta.

Binti yako,
Akai


Lodwar, 11 Februari 2025

Mwanangu Akai,

Mzima wewe? Mimi pia, kiasi chake.

Kumi na mmoja. Nimetembea na hiyo namba siku nzima mdomoni, kama peremende.

Asubuhi naenda lagani peke yangu. Mbuzi wanapita, nafumba macho, nauliza nani hajapita. Najijibu kwa sauti ya Apua, na mbuzi wananitazama. Jana nilisinzia nikaota mchanga wote umekuwa maziwa yaliyoganda, nyinyi watatu mnatembea juu yake bila kuacha alama, na Ejore amevaa viatu vya mwalimu, anatugombeza sote.

Huyo Ejore, lakini, ana deni langu. Mapatano yetu yalikuwa hivi: hadithi moja, ananikuna mgongo mara moja, pale chini ya bega ambapo mkono wangu haufiki. Siku ya kuondoka alinidai hadithi tatu kwa mkupuo, akazimaliza zote, akapanda lori bila kunikuna. Nimejaribu kujikuna kwa ukuta. Ukuta haupajui mahali.

Shule ikifunga mapumziko, mpandishe huyo mtu lori la Kahin, aje hata kwa siku mbili. Na usimkate kucha.

Baba yako,
Lokorio