Ndege Inayonguruma Mezani

Wifi yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Goti lako linaendeleaje, lile linalokusumbua ukipanda ngazi? Kila nikipiga magoti kusali nalikumbuka, maana na langu limeanza kulia. Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe, ila moyo wangu hautulii, ndiyo maana nimeketi kukuandikia.

Najua umetununia. Nimesikia ulivyomwambia mama mkwe kwamba mdogo wako siku hizi amekuwa bosi, simu za dada yake hapokei. Nisome hadi mwisho, kisha uendelee kununa ukipenda.

Ofisini kwao, wanakochora madaraja, walimpa kompyuta mpya ya kubeba, ile ya wachoraji wakubwa. Wifi, ni nyembamba kama sinia, lakini ina nguvu za ajabu: daraja zima analigeuzageuza kwenye kioo kama mtu anayechagua nyanya. Taabu ni joto. Akianza kuchora, feni zake zinanguruma kama mashine ya kusaga unga, na meza chini yake huwezi kuigusa. Nikawa simalizi kupika bila kuchungulia sebuleni kama moto haujashika. Nikimwambia, anacheka: kelele gani, mke wangu, mbona imetulia? Anaweka kiganja juu yake, kama mtu anayempima mtoto homa, halafu anaendelea na kazi. Wenzake wamembatiza Rubani. Kila akiiwasha wanamuuliza ndege inaondoka saa ngapi. Naye anatabasamu tu.

Hofu ikanizidi, nikamwita fundi wa kompyuta wa ofisini kwao, mama mmoja mcheshi. Akaifungua, akapuliza vumbi, akasema mashine ni nzima. Akanieleza kwamba mwili mwembamba na nguvu nyingi havikai pamoja kwa amani. Ukitaka kasi, uvumilie feni. Ukitaka kimya, mashine inapunguza mwendo yenyewe isijiunguze, na daraja linaganda kwenye kioo. Wengi pale ofisini huiweka kwenye mwendo wa kati, kwa sababu hakuna anayeweza kushinda na kelele ile. Kisha akanivuta jikoni, akaniuliza polepole: dada, mumeo anawezaje?

Nikakumbuka kwamba kwenye ibada “Amina” yake inakuja peke yake, watu wameshanyamaza. Nikakumbuka mlango unavyogongwa naye haondoki kitini. Jana alasiri mashine ikiwa imezimwa, nyumba kimya, nikasimama nyuma yake nikamwita kwa lile jina la utotoni ulilompa wewe. Hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu, mpaka jirani akaitikia. Aliponiona kwenye kioo cheusi ndipo akageuka, akanitazama midomo, akajua kwamba nimejua.

Wifi, mdogo wako hasikii. Sikio la kushoto limekwisha, la kulia linafuata. Kiganja kile hakikuwa cha kupima joto. Ndivyo anavyojua kama feni zinazunguka. Wala wewe hajakudharau. Anaona jina lako kwenye simu, anaishika, anaogopa utamuuliza hili ajibu lile, basi anaiacha ilie hadi inyamaze.

Aliniomba nimfichie, anaogopa kazi, nami nikakubali. Kabla ya kushika kalamu nimemwomba Mungu anisamehe, maana mwezi ujao anapelekwa kusimamia ujenzi wa daraja, katikati ya magari makubwa yanayorudi nyuma. Mtu akimpigia kelele atoke njiani, atasikia nani? Nikimtajia hospitali anainuka na kwenda zake. Ila wewe ulimbeba mgongoni, na neno lako hajawahi kulikataa.

Shemeji na watoto wasalimie sana, na hilo goti ulikande kwa maji ya moto. Nakusihi usimpigie simu. Mwandikie, tafadhali, kabla hajasafiri. Nami nijibu upesi.

Ni mimi wifi yako,
mwenye maneno mengi